Ukuta wa Waliosubiri

Treni ya asubuhi ilikuwa imekwisha kushusha abiria wake, na umati wote ulikuwa ukimiminika kuelekea lango la kutokea, isipokuwa mwanamke mmoja aliyekuwa akienda kinyume. Alivaa gauni la kijani na raba zilizopauka kwa vumbi la chokaa. Karani wa tiketi alimwona kupitia kidirisha chake akamwita: dada, samahani, tiketi yako.

"Sisafiri," mwanamke akasema. "Nimekuja kukwangua ukuta wenu."

Karani alikuwa na miaka arobaini na miwili, shati lake jeupe limenyooshwa kwa pasi kama la bwana harusi, na hakuna mwanamke aliyekuwa amemtania siku nyingi. Alichoweza kujibu ni kwamba ukuta haukwanguliwi bila kibali. Mwanamke akacheka, akampa barua.

Barua ilikuwa na habari nzito. Wakubwa walitaka kuibomoa stesheni wajenge maduka, na baada ya mwezi mmoja ingekuja kamati ya majengo ya urithi kuamua kama iingizwe kwenye orodha ya majengo yasiyobomolewa. Mwanamke huyu alikuwa mtaalamu wa rangi za zamani. Kwa kisu kidogo alifunua tabaka moja baada ya jingine, na kila tabaka aliliandika daftarini: lilipakwa lini, na nani, kwa sababu gani. Haikupita wiki wachukuzi wa mizigo wakambatiza Bibi Kisu.

Sasa, karani huyu alizaliwa kwenye nyumba za reli, mwana wa mpiga kengele wa stesheni. Siku hizi zilibaki treni mbili tu, ya asubuhi na ya alasiri, na katikati ya hizo alikaa peke yake saa sita nzima. Alikula peke yake, redio ikiwa imewashwa ili pawe na sauti. Dada yake mkubwa alimpigia simu kila Jumapili kumuuliza kama amekwisha kufunga ndoa na stesheni na wao hawakualikwa.

Basi Bibi Kisu akaanza kula chakula cha mchana kwenye kaunta yake, na redio ikazimwa. Siku moja alimshika mkono akampeleka chumba cha kusubiria, mbele ya benchi refu. Akasema ukuta huu ndio moyo wa stesheni, na kamati ikiuona haiwezi kuukataa. Karani alipotaka kuuegemea, akamvuta shati.

"Hapa haegemei mtu. Hata wewe, mpenzi."

Lile neno la mwisho ndilo alilolisikia. Mengine yote yalimpita.

Kamati ilikuwa ije Jumatatu. Jumapili, Bibi Kisu akiwa kwake anaandika ripoti, karani alisimama mbele ya ule ukuta akaona aibu. Juu ya benchi palikuwa na safu ya madoa meusi, ya mviringo, yanang'aa mafuta. Babake alimfundisha kwamba mgeni mkubwa akija, stesheni inapakwa chokaa. Na kama huu ndio moyo wake, utaachwaje mchafu? Akavua shati, akakoroga ndoo mbili, akapaka mpaka jua likazama. Alirudi nyumbani mgongo unamuuma na roho imetulia, akamsimulia dada yake kwenye simu kwamba kesho kuna mtu atafurahi.

Asubuhi Bibi Kisu aliingia na wanakamati watano nyuma yake, akasimama.

"Ni nani aliyepaka?" akauliza.

Karani alijitokeza akitabasamu. Masikini, alitabasamu.

"Yale yalikuwa vichwa," Bibi Kisu akasema, sauti ndogo. "Vichwa vya watu. Miaka themanini wamekaa hapo wakisubiri, wakiegemeza vichwa. Kila doa ni mtu. Wakubwa wamekuahidi nini?"

Karani alianza kueleza, lakini Bibi Kisu alikuwa amekwisha kuwageukia wanakamati. Kamati ikaahirisha uamuzi kwa miezi mitano, na Bibi Kisu akaondoka na treni ya alasiri bila kugeuka. Karani alimpigia simu mara kumi na moja haikupokewa. Ya kumi na mbili ilipokewa.

"Niambie ukweli. Walikutuma?"

"Hakuna aliyenituma. Niliona pachafu. Nilitaka wakukute pasafi."

Bibi Kisu akasema kwamba hajui kama amwamini, na simu ikakatika.

Redio ikarudi. Ila saa zile sita karani hakukaa tena kwenye kaunta. Alikuwa amemtazama Bibi Kisu vya kutosha kujua jinsi ya kuiondoa chokaa: sifongo yenye unyevu, siyo maji, kugusa, siyo kusugua, kiganja kimoja cha ukuta kwa siku. Mafuta ya nywele hayashikani na chokaa. Wiki ya tatu kichwa cha kwanza kikarudi, cha mtu mrefu. Karani alikaa chini akalia, kwa sababu alikuwa amemkosea hata huyo asiyemjua. Wiki zikapita, wakarudi wengine: mfupi, mtoto, wawili walioketi karibu sana. Aliwaamkia kila asubuhi. Hakuwa na wengine wa kuwaamkia. Hakupiga simu tena, maana aliona hana cha kusema ila kile kilichokuwa ukutani.

Siku moja kabla ya kamati kurudi, Bibi Kisu alishuka treni ya asubuhi akiwa na gauni lile lile la kijani. Aliingia chumba cha kusubiria, akatembea polepole toka mwanzo wa benchi hadi mwisho. Karani alisimama mlangoni, sifongo mkononi. Kwenye pembe kilibaki kipande cheupe, naye akaomba radhi, akasema atakimaliza leo leo.

"Kiache," akasema, akafungua daftari. "Tabaka la mwisho. Chokaa. Limepakwa na karani wa tiketi, siku ya Jumapili. Niandike sababu gani?"

"Andika alitaka kumpendeza mtu."

"Mtu gani? Daftari hili haliandikwi nusu nusu."

"Wewe," karani akasema. "Nakupenda. Na nimechoka kula peke yangu."

Bibi Kisu aliandika yote, neno kwa neno. Kisha akaketi chini ya kile kipande cheupe, akapapasa benchi pembeni yake. Karani akaketi, mgongo wima, kichwa mbali na ukuta, kama alivyofundishwa.

"Egemea," akamwambia. "Hapa bado hajakaa mtu."