Marahaba ya Marehemu

"Shikamoo," Mama Mhoja alimwamkia mchumba wangu mlangoni pa ukumbi wa sinema, Mirongo.

Bibi wa miaka sabini kumwamkia kijana! Nikacheka, nikidhani ni utani.

"Marahaba, Mhoja," Revocatus akajibu, akimtaja kwa jina lake bila 'Mama'.

Nikaacha kucheka. Wake wa enzi zile ndivyo walivyowaamkia waume zao.

Filamu yenyewe ilikuwa ovyo kabisa. Ilihusu marehemu Malimi, mwanasiasa wa hapa Mwanza, mumewe huyo mama. Mtoto wao alikuwa anautaka ubunge, vyama vingi ndiyo vimeanza, basi baba akafanywa malaika. Kwenye msafara wa Uhuru, mwaka 1961, ikapita Hiace, ukumbi ukaangua kicheko. Lakini Revo, aliyemwigiza Malimi, alipofungua mdomo tu, sauti ikawa ya Malimi mwenyewe; wazee wakavua kofia.

Nyumbani nikamvaa.

"Revo, bibi wa watu unamwitikia marahaba?"

"Nimemwitikia mke wangu."

"Mke wako? Na harusi yetu Jumamosi?"

"Binti, wewe ni wa nani?"

Kesho yake bado ananiita binti, kwa sauti ile ile ya ukumbini. Akatoka bila kuaga. Mara nikaitwa kwenye simu, dukani kwa Ramesh.

"Ni mimi, Mama Mhoja. Mwenzio yuko hapa kwangu Mkuyuni. Amesimama getini, haingii."

Nilikwenda mbio. Nikamshika mkono, nikamwingiza sebuleni.

"Unataka nini, Malimi?" mama akamuuliza.

"Filamu imenisifu mno. Mkono wako hawakuuonyesha."

Mama akafunua kanga. Kiwiko kilikuwa kimepinda.

"Nani kamwambia?" akaniuliza. "Hata wanangu wanajua niliteleza mwambani."

"Nisamehe, Mhoja," Revo akasema.

Mama akaufunika mkono kwa kanga. Nikapiga magoti.

"Mama, Jumamosi naolewa. Huyu hanijui tena. Nakuomba."

"Nilimpenda, mwanangu. Na sijawahi kumsamehe."

Akamgeukia Revo.

"Nimekusamehe kwa ajili ya huyu mtoto. Si kwa ajili yako. Nenda."

Revo akatetemeka, kisha akaangaza macho huku na huku.

"Evelina, hapa ni kwa nani? Mbona unalia?"

Nilimkumbatia mbele ya mama wa watu, aibu sikuiona. Jumamosi tulifunga ndoa. Mama Mhoja alikuja, akanivuta pembeni kanisani.

"Huyu akija kukupiga," akaninong'oneza, "usimfichie kama mimi."