Uongo Uliovuka Ziwa

Kila alasiri alipotoka shule, Mwavita aliweka madaftari yake ndani na kwenda uani. Huko shangazi yake Batuli na wanawake wengine sita walikaa juu ya majamvi wakisuka vikapu. Kwanza alichochea moto chini ya sufuria ya rangi, ukindu uchemke mpaka ushike wekundu. Kisha alinawa mikono, akaketi mlangoni, akaandika kadi.

Kila kikapu kilifungwa kadi yake. Upande mmoja Mwavita aliandika jina la mwanamke aliyekisuka na mahali alipotoka. Upande wa pili aliandika anwani ya duka lao la mtandaoni. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, darasa la sita, na katika ua ule hakuna mwingine aliyejua Kifaransa.

Ulikuwa mwaka wa kumi na moja wa vita. Mjini Rumonge watu waliuza samaki na mawese kama kawaida, lakini kila asubuhi waliulizana kwanza milio ya usiku ilitoka upande gani. Wanawake wengi wa chama cha Batuli walikuwa wamekimbia makwao. Mmoja wao alikuwa Sikuzani, aliyeitwa Mama Karimu, kutoka Gatete. Miaka minne nyuma kijiji chao kilishambuliwa alfajiri, na nyumba yake ikachomwa moto. Yeye alijificha migombani na watoto wake wawili, Shadia na Karimu. Mumewe, Amuri, alikuwa amekimbilia kwa mama yake mzee ili amtoe nyumbani. Tangu siku hiyo hakuna aliyejua kama wawili hao walikuwa hai. Watu walipomshauri Mama Karimu akubali kwamba ni mjane, alijibu neno moja tu: "Sijaona kaburi."

Shadia, binti yake, alikaa dawati moja na Mwavita.

Duka la mtandaoni lilitengenezwa na Émérance, mzaliwa wa Rumonge aliyefanya kazi katika ofisi moja mjini Bujumbura. Alipiga picha za vikapu, akaziweka kwenye intaneti ili watu wa nchi za mbali waagize. Lakini miezi mitano ilipita, na vikapu vilivyoagizwa havikuzidi viwili. Siku moja Émérance alituma ujumbe kwa Batuli.

"Dada, duka liko, lakini liko kama nyumba katikati ya pori. Nani atajua njia ya kufika? Mwezi ujao kuna maonyesho ya kazi za mikono hapa Bujumbura. Wageni wengi watakuja. Leteni vikapu, watu wavishike kwa mikono yao, tuwape kadi. Wakirudi makwao watatutafuta."

Basi Batuli na Mwavita wakafunga vikapu arobaini katika shuka mbili na kupanda gari. Magari yalikwenda kwa msafara, askari wakiwa mbele na nyuma. Walipopita Muhuta, kando ya barabara kulikuwa na basi dogo lililoungua, bado likitoa moshi. Viatu vilikuwa vimetapakaa kwenye lami. Batuli alimfunika Mwavita uso kwa mtandio wake, lakini Mwavita alikuwa amekwisha kuona.

Maonyesho yalifanyika katika uwanja wa kanisa. Kulikuwa na vinyago, ngoma, vitambaa vilivyodariziwa na vyungu. Émérance aliwapa meza, kisha akaenda kuwapokea wageni langoni. Mpaka saa tano, watu walipita, wakatazama, wakasema "vizuri," wakaendelea na safari yao. Wengine walikataa hata kadi. Mwavita alimwona shangazi yake akipanga vikapu upya kwa mara ya nne. Alifikiri juu ya barabara waliyopita, na kwamba wangerudi kwa barabara hiyohiyo wakiwa na mzigo uleule.

Ndipo akaja mwanamke wa Kizungu mwenye mvi. Alichukua kikapu chekundu, akakigeuza, akauliza kwa Kifaransa, "Ni nani aliyesuka hiki?"

"Ni Mama Sikuzani, mke wa Amuri, kutoka Gatete," alijibu Mwavita, akisoma kadi.

"Kazi nzuri," alisema yule mama, akakirudisha mezani.

Mwavita aliona mkono wake ukiacha kikapu. Maneno yalimtoka kabla hajayapima. "Ni mjane, madamu. Mume wake aliuawa. Na watoto wake wawili, Shadia na Karimu, waliungua ndani ya nyumba."

Yule mama alisimama palepale. Macho yake yalijaa machozi. Alikichukua tena kikapu, akachukua vingine vitatu, akaomba kadi nyingi za kuwagawia wenzake. Alieleza kwamba alihudumia wakimbizi, na kwamba kazi yake ilimpeleka mara kwa mara ng'ambo ya ziwa, kwenye kambi za Tanzania.

Baada yake Mwavita aliwaambia wengine hadithi ileile. Kila alipoirudia ilizidi kuwa nyepesi mdomoni. Kufikia saa tisa meza ilikuwa tupu na kadi zimekwisha. Batuli, ambaye hakuelewa neno la Kifaransa, alimshika kichwa kwa furaha. "Kusoma kwako kumetuletea baraka, mutoto wangu."

Walipokuwa wakikunja shuka, Émérance alikuja na kalamu mkononi. Alimvuta Mwavita pembeni.

"Yule mama mwenye mvi amenieleza habari za Mama Karimu. Sikuzijua. Anasema niziandike kwenye ukurasa wa duka, watu wamwonee huruma. Ni kweli watoto walikufa?"

Hapo Mwavita angeweza kusema hapana. Alimtazama shangazi yake, aliyekuwa akicheka na wauza vyungu, akaogopa kuiharibu furaha ile.

"Ni kweli," alisema.

"Mungu wangu," alisema Émérance polepole, akaandika.

Miezi iliyofuata, duka lilichangamka. Maagizo yalitoka nchi ambazo Batuli hakujua hata kutamka majina yake. Wanawake walinunua sabuni na dawa, na Mama Karimu akawashonea watoto sare mpya. Lakini Mwavita hakufurahi. Shadia alipojikuna, alipocheka, alipomwomba kifutio, Mwavita alikumbuka kwamba katika kompyuta za watu wa mbali msichana huyu alikuwa maiti. Alijifariji kwamba pale Rumonge hakuna kompyuta, na kwamba Shadia hatajua kamwe.

Siku moja ya kiangazi, mtu wa shirika linalopeleka barua za waliopoteana na ndugu zao alifika uani akiuliza, "Sikuzani wa Gatete yuko hapa?"

Mama Karimu aliipokea barua kwa mikono miwili. Hakujua kusoma. Shadia na Karimu walikuwa wamekwenda kuteka maji, basi alimkabidhi Mwavita. Wanawake wote waliacha kusuka.

Mwavita aliifungua na kuanza kusoma kwa sauti. "Kwa mke wangu Sikuzani. Mimi ni Amuri. Niko hai."

Mama Karimu aliziba mdomo kwa mikono yote miwili. Wanawake walianza kulia na kumshukuru Mungu, Batuli akawanyamazisha wasikie zaidi. Lakini Mwavita alikuwa amenyamaza. Macho yake yalikuwa yametangulia kwenye mistari ya chini.

"Endelea, mwanangu," alisema Mama Karimu.

Hakuna mwingine uani pale aliyejua kusoma vizuri. Mwavita angeweza kuruka mistari ile, kubuni salamu za kawaida, kisha kukunja karatasi. Alijua hivyo. Lakini alipoinua uso aliona macho ya Mama Karimu yakimngoja, na akashindwa kumdanganya mbele yake. Akasoma.

"Mama mmoja anayetuhudumia hapa kambini alileta karatasi kutoka kwenye intaneti ili wanawake wa hapa waone vikapu vya wenzao. Jina lako lilikuwa juu yake, na kijiji chetu. Ndivyo nilivyojua kwamba u hai, na kwamba umeambiwa nimekufa. Ndivyo nilivyojua pia kwamba wanetu Shadia na Karimu waliungua. Mama yangu aliyasikia hayo pamoja nami. Ulijua alivyowapenda. Tuliwasomea hitima. Baada ya hapo mama hakula. Nilimbembeleza hata kwa uji, akasema hauna ladha. Siku ya kumi na saba alifariki, tukamzika hapa. Nisamehe kwa kuwa sikuwa nawe ulipowazika watoto. Sina tena sababu ya kurudi Gatete, lakini wewe nakuombea."

Mwavita aliishusha karatasi.

"Watoto gani?" aliuliza Mama Karimu. "Watoto wangu wameenda maji. Nani ameandika maneno hayo?"

Wakati huohuo Shadia na Karimu waliingia wakiwa na ndoo kichwani. Mwavita alipiga magoti.

"Ni mimi, Mama Karimu. Niliyasema kwenye maonyesho ili vikapu vinunuliwe. Émérance aliniuliza, nikamwambia ni kweli."

Alitegemea kupigwa. Mama Karimu hakumgusa. Aliinuka, akawavuta watoto wake, akawashika mabega kama mtu anayehakikisha kwamba wana mifupa na nyama. Kisha akaingia ndani nao, na sauti ya kilio chake ikasikika: kilio cha mtu aliyempata mumewe na kumpoteza mkwewe kwa barua moja.

Batuli hakupandisha sauti. "Simama," alimwambia Mwavita. "Kulia utalia baadaye. Yule mtu wa barua hajafika mbali. Mkimbilie, umwombe karatasi."

Mwavita alikimbia mpaka stendi, akampata, akarudi na karatasi na ahadi kwamba kesho yake atapitia jibu. Jioni ileile aliandika yale aliyoambiwa na Mama Karimu: watoto wako hai, Shadia yuko darasa la sita, Karimu ameng'oka meno ya mbele. Shadia mwenyewe aliandika jina lake chini, ili baba yake aone mwandiko. Wakati wote ule hakumtazama Mwavita. Kesho yake aliomba abadilishiwe dawati.

Batuli alimpigia Émérance simu kutoka kibanda cha sokoni, akampa Mwavita aseme mwenyewe. Émérance akasema, "Na mimi nina kosa. Niliandika msiba wa mtu bila kumuuliza mwenyewe." Siku hiyohiyo alifuta maneno yale, akaweka mengine ya kuomba radhi. Baadhi ya wateja waliandika kwa hasira, na maagizo yakapungua sana.

Usiku Mwavita alimwambia shangazi yake jambo lililokuwa likimsumbua. "Lakini shangazi, bila ya karatasi ile, Mama Karimu asingempata mumewe."

"Fikiri vizuri," alisema Batuli. "Amuri alimjua mkewe kwa kitu gani? Kwa hadithi yako?"

Mwavita alifikiri. "Kwa jina lake, na kijiji chao."

"Na jina na kijiji uliyaandika kwenye kadi, na yalikuwa kweli. Hayo yalitosha kuvuka ziwa. Uongo ulipanda chombo hichohicho, ukamkuta bibi kizee."

Maonyesho yaliyofuata, Batuli alimchukua tena. Mwavita alisimama mezani siku nzima, akieleza namna ukindu unavyovunwa, unavyochemshwa na kusukwa, na kumpa kadi kila aliyesimama kusikiliza. Alipoulizwa habari za wasukaji, alijibu, "Wenyewe wataeleza wakipenda, madamu." Waliuza vikapu kumi na moja, wakarudi na vilivyobaki. Polepole, maagizo machache yakaanza kuja tena.

Mwaka uliofuata, wakimbizi walipoanza kurejea, Amuri alishuka Rumonge. Alikuwa amekonda, na nywele zake zimeota mvi. Karimu hakumkumbuka, akajificha nyuma ya mama yake. Shadia alimkimbilia. Siku ya tatu Batuli alimpeleka Mwavita kwake. Msichana alisalimu kwa adabu, akaomba msamaha, akangoja macho yakiwa chini.

"Siwezi kukuambia kwamba si kitu," alisema Amuri. "Mama yangu alikufa akiamini kwamba wajukuu wake wametangulia. Hilo halirudi. Lakini nimeambiwa kwamba uliisoma barua yangu yote, ilhali ungeweza kuificha. Usingeisoma, mpaka leo ningekuwa kule kambini nikiwalilia watoto walio hai. Kwa hiyo nimekusamehe." Alimwita Shadia aje akae karibu, kisha akaendelea. "Mwanangu, vita vimetuchomea nyumba, vimeua jirani zetu, vimetutawanya. Hayo hatukuwa na uwezo wa kuyazuia. Bali ulimi wako uko mikononi mwako. Vita vimeua watu wa kutosha. Usiviongezee wafu kwa mdomo wako, hata kama una njaa, hata kama unataka kumsaidia mtu."

"Nimesikia, baba," alisema Mwavita.

Shadia alisogea kidogo kwenye jamvi, akaacha nafasi, na Mwavita akaketi.