Umeme wa Nyumba Tupu Nsemulwa

Nyumba ya Mwalimu Makarius kule mtaa wa Nsemulwa, Mpanda, ilikuwa imefungwa miaka minne. Haikuwa na mtu, haikuwa na friji wala hata balbu moja darini, na bado ilikuwa inakula umeme. Jumatatu Mwalimu aliingiza uniti thelathini, ili binti yake Mercy, aliyepata kazi ya uuguzi mjini, akihamia akute umeme upo. Jumatano zikawa zimekwisha. Akaongeza nyingine, na hizo nazo zikaanza kupukutika.

"Fundi, wewe ndiye uliyefunga waya mle," alimwambia Deusdedit kwenye simu. "Mercy anahamia Jumamosi. Hebu nitafutie huo umeme unakwenda wapi."

Deusdedit akasema sawa Mwalimu, leo leo. Akakata simu, akabaki kibandani kwake mtaa wa Shanwe akilitazama koleo mkononi. Kati ya nyumba zote alizofunga umeme Mpanda nzima, hiyo ndiyo aliyokuwa akizunguka mtaa mzima asipite mbele yake. Watu walidhani anaogopa jini. Laiti angekuwa anaogopa jini tu!

Alifika saa saba mchana, jua limesimama utosini, mtaa kimya, hata kuku wamejificha. Mita ilikuwa ukutani nje, na taa yake nyekundu ikipepesa, ishara kwamba kuna umeme unaoliwa. Akazima swichi kubwa. Taa ikaendelea. Akaizunguka nyumba akitafuta waya wa wizi unaokwenda kwa jirani, asione kitu. Mwishowe akaifungua swichi yenyewe, akachomoa waya zote zinazoingia ndani, akazikunja pembeni. Hapo umeme haukuwa na njia tena. Taa ikatulia, naye akashusha pumzi. Kisha ikaanza upya, taratibu, kwa vituo, kama mtu anayefanya kazi ya mkono huku akipumzika.

Ndipo akasikia ndani. Swaa. Swaa. Kimya kidogo, kisha tena, swaa. Ilikuwa sauti ya pasi juu ya nguo.

Hapakuwa na mtu Mpanda aliyejua habari ya pasi hiyo kumzidi yeye. Wakati anaifunga nyumba ile umeme, fimbo ya shaba ya ethi, ile inayozikwa ardhini ili umeme ukikosea njia uende udongoni usimwendee mtu, aliipeleka kwa mteja mwingine mwenye haraka. Akazika waya mtupu, akapiga saruji juu, akajiambia nitarudi Jumatatu. Jumatatu ikapita, na nyingine nazo zikapita. Mwezi uliofuata Yustina, mke wa Mwalimu, alikuwa akipiga pasi gauni la kipaimara la Mercy, miguu mitupu juu ya sakafu aliyotoka kuipiga deki. Pasi ikamshika, isimwachie.

Siku ya kuondoa tanga wazee walimwita fundi mbele ya ukoo wote, wakamwuliza kama waya zilikuwa sawa. Angeweza kusema. Akajibu, "Waya ziko sawa, wazee wangu. Hiki si kitu cha umeme." Maneno hayo yalitosha. Kama si umeme basi ni jini, na jini ana mwenyewe. Macho yakamgeukia Bibi Kashinje, mama yake Yustina, mjane wa Kisukuma mwenye macho mekundu kwa moshi wa kuni, aliyekuwa akiishi pale na binti yake. Kabla ya jioni alikuwa ametolewa na mkeka wake, akapelekwa kijijini Kasekese akalime peke yake. Deusdedit alimwona akipandishwa gari. Akageuka, akarudi kazini kwake.

Sasa alitia mlangoni ufunguo alioupitia kwa Mwalimu, maana aibu ya kukimbia ilikuwa imeuzidi woga. Akapita sebuleni penye vumbi, harufu ya nguo iliyoungua ikamjia puani, na nyuma yake harufu ya sakafu mbichi iliyodekiwa muda huohuo, na kadiri alivyosogea ndivyo ile swaa swaa ilivyozidi kuwa karibu, haina haraka, haina woga, mpaka akafika mlango wa chumba cha nyuma na kuona meza yenye blanketi lililokunjwa, na juu ya blanketi pasi ikienda na kurudi yenyewe, waya wake umeviringwa kiunoni mwake na plagi inaning'inia hewani, haikuchomekwa popote, na mbele ya meza, juu ya saruji, nyayo mbili za maji zimesimama bila mtu.

"Fundi," sauti ikamwita. Ilikuwa sauti ya Yustina kabisa, ila haikuvuta pumzi. "Umekuja kumalizia?"

"We... wewe ni nani?" Deusdedit alinong'ona.

"Mimi siyo yeye. Mimi nilikuwa kwangu, mapangoni kule Mlele, sina shida na mtu. Nikasikia natajwa kwenye msiba. Wanasema nimeua. Sikuwa nimeua mtu, fundi. Nikaja nione nilichopewa, nikakuta nyumba nzima imefungwa kwa ajili yangu." Pasi ikafika ukingoni mwa meza, ikarudi. "Nimepazoea, na njia ya Mlele nimeisahau. Kazi yake nimejifunza. Jumamosi anakuja binti. Nitamwonyesha."

Hakukumbuka alivyotoka. Alijikuta Shanwe, kwa mganga Apolinari, mzee wa rozari shingoni na mizizi mfukoni, akimweleza kwa sauti ya chini. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho.

"Nani alimtaja?" aliuliza.

"Lazima ujue, mzee?"

"Naweza kufukiza mle ndani mpaka nguo zangu ziungue. Jini aliyekuja mwenyewe anafukuzwa. Huyu alipewa nyumba. Aliyempa ndiye atakayemnyang'anya, kwa kinywa kilekile, mbele ya watu walewale. Na yule aliyebebeshwa lawama awepo."

Deusdedit alifikiria kumwambia Mwalimu kwamba nyumba ina hitilafu, Mercy apangiwe chumba kwingine. Uongo wa pili ulikuwa tayari mdomoni, mtamu. Kisha moyoni akamwona Mercy akisimama mbele ya meza ile. Ijumaa alfajiri akawasha pikipiki kwenda Kasekese.

Alimkuta Bibi Kashinje akimenya karanga uani peke yake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nani wewe?"

"Ni fundi. Yule wa umeme."

Karanga zikamponyoka. "Nani tena kafa?"

"Hakuna, bibi. Naomba uje Mpanda. Nina neno la kusema mbele ya Mwalimu."

"Mimi nyumba ile sikanyagi. Nyie mlinitoa kama mbwa."

"Bibi, neno lenyewe ni lako," alisema, na machozi yakamtoka. Bibi akainuka, akajifunga kitenge.

Saa saba walikuwa uani Nsemulwa: Mwalimu Makarius, wazee wawili wa ukoo, walewale waliomwuliza siku ya tanga, Apolinari na bibi. Kutoka ndani pasi ilisikika wazi, swaa, swaa, na wazee wakashikana mikono. Deusdedit hakungoja aulizwe. Alichukua sululu, akavunja saruji kwenye pembe ya nyumba, akavuta waya mtupu, mfupi kama kamba ya kiatu, akauinua juu.

"Hapa palitakiwa fimbo ya shaba. Sikuiweka. Yustina aliuawa na kazi yangu. Mlipouliza nikasema si umeme, mkamtafuta jini, na mimi nilijua. Mama huyu hana jini. Hakuwahi kuwa naye. Niliwadanganya."

Ndani kukawa kimya. Taa nyekundu ya mita ikapepesa mara moja, ikazimika.

Apolinari akageukia mlango. "Umesikia. Hukupewa kitu hapa. Toka."

Mlango ukafunguka wenyewe taratibu, na pale kizingitini kikatulia kitu ambacho hakuna aliyekiona, lakini kila mmoja alijua kimesimama, hakijui pa kwenda.

Mwalimu Makarius hakumpiga Deusdedit, ingawa Deusdedit alitamani apigwe. Alipiga magoti mbele ya mama mkwe wake. "Mama, nilikukosea. Chumba chako kipo. Mercy anakuja kesho. Rudi nyumbani."

"Miaka minne, Makarius," Bibi Kashinje alisema, hakupaza sauti. "Mwanangu sikumlilia. Nikilia mlisema nalia unafiki. Kule Kasekese hakuna aliyekula sahani moja na mimi. Watoto wakipita uani kwangu wanakimbia. Leo mnaniambia sina jini. Sasa mimi nina nini?"

Bibi akageuza uso, akatazama kizingitini.

"Na wewe huna kwako tena. Umesingiziwa, umefukuzwa. Ni kama mimi tu."

"Bibi, nyamaza!" Apolinari alinong'ona. "Nakuomba, usimkaribishe!"

"Jina lake nimelibeba miaka minne. Acha nimbebe na mwenyewe. Haya, twende."

Apolinari akaishika rozari kwa mikono miwili, akasogea pembeni, kwa kuwa dawa ya mtu aliyekubali hakuwa nayo. Mwalimu alibaki amepiga magoti mavumbini, mikono wazi. Mita haikuwaka tena. Nyumba ilikuwa salama, na Deusdedit alijua ni nani aliyelipia usalama huo.

"Nirudishe, fundi. Wewe ndiye uliyenileta," bibi alimwambia.

Hakuwa na uso wa kukataa. Akapanda pikipiki, akaiwasha, akasubiri. Bibi akapanda nyuma yake, kiti kikabonyea kidogo kwa uzito wake mwepesi wa kizee. Akamgusa begani kwa upole.

"Sogea mbele kidogo, mwanangu. Tuko wawili."

Deusdedit akasogea mpaka magoti yakagusa tanki, na kiti kikabonyea mara ya pili.