Pumzi ya Lalsara

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe nane ya mwezi wa Mangsir, siku waliyompasua mke wangu kifua katika hospitali ya wilaya.

Lalsara nilimpata sokoni, msimu wa sikukuu ya Dasain, mbuzi wa kuchinjwa wamejaa barabara nzima. Amevaa sari nyekundu iliyochanika pindo, kashika beberu pembe. Beberu akanigonga goti, nikaanguka matopeni.

"Kaka, umemtia mbuzi wangu hofu. Sasa umnunue," akasema.

"Na mwenye mbuzi?"

"Huna ubavu huo. Beberu tu amekushinda."

Mwezi uliofuata tulitoroka pamoja. Kaka zake, Dambar na Jhuse, walinivunja mbavu, lakini yeye hawakumpata.

Kisha akaanza kutema damu. Hospitalini wakasema kifua kikuu, wakamlisha vidonge miaka na miaka. Mimi nikiwa India kwenye vibarua, mama yangu akamtengea sahani yake peke yake, kwa hofu ya kuambukizwa. Lalsara akadhani ni amri yangu, akarudi kwao, akawa ananikatia simu.

Daktari Niraula alipohamishiwa kwetu ndipo tukajua: ni uvimbe wa pafu, wa nadra, unaokua polepole. Ukitolewa, mtu anaishi hadi uzee. Nikapanda basi nikarudi. Wodi ya wanawake haiingii mwanamume, kwa hiyo nilisimama chini ya dirisha, nikampigia.

"Karibu, bwana sahani," akasema.

"Mama ndiye aliyetenga. Sikuwa na habari."

"Ungepiga simu."

"Na nani alikuwa anakata?"

Akacheka, akakohoa. "Haya. Nikitoka humu tutakula sahani moja. Utaosha wewe."

"Nitaosha, mpenzi."

"Sema tena."

"Nitaosha."

"Si hilo. Lile lingine."

Nikalisema.

Siku ya kupasuliwa, mashine ya kupumulia ilikuwepo, ndani ya kasha, haijafunguliwa. Wakubwa walikuwa wanamsubiri waziri aje akate utepe. Kwa hiyo Lalsara alipumuliwa kwa mkono: nesi mmoja kasimama kichwani pake anabinya mfuko wa hewa.

Hospitali ile, kinachotolewa mwilini huonyeshwa ndugu, wasije wakasema mtu kapasuliwa bure. Nesi mwingine akatoka chumba cha upasuaji, mimi na ndugu zake tukingoja mlangoni, na beseni lenye pande la pafu, damu tupu, akaliweka chini na kurudi ndani mbio bila neno. Mama mkwe akalitazama, akaangua kilio cha msiba.

"Wamemtoa moyo mwanangu."

Dambar akauvunja mlango kwa teke. Nikamshika shati. "Shemeji, ngoja, huo ndio uvimbe wenyewe." Kiwiko chake kikanipasua mdomo. Jhuse alinyakua chuma cha kutundikia dripu, akamponda daktari vidole. Nesi wa mfuko akabamizwa ukutani.

Mfuko ukaanguka. Niliutambalia, nikaubinya, lakini mpira wa kupitishia hewa ulikuwa umechomoka kooni mwa mke wangu, nami sikujua unarudishwaje.

Daktari, akiwa sakafuni, alikuwa anasema, "Uvimbe wote umetoka. Mpeni hewa. Mpeni hewa tu."

Dambar na Jhuse wako jela kwa kifo cha dada yao, sawa. Mkubwa wa wilaya alikuja na shada la maua, akasema tatizo letu ni elimu. Mimi sina elimu, ni kweli. Lakini kasha si mimi niliyelifunga, na mpaka leo halijafunguliwa.

Daktari Niraula ameondoka na basi la kwenda mjini Surkhet, mkono kwenye plasta. Huko juu kijijini kwetu yupo binti anatema damu vilevile, ameolewa juzi. Nilikwenda ofisini kwa mkubwa, nikamkuta anakunywa chai, nikamuuliza nikiwa nimesimama: huyo naye atapasuliwa na nani?