Punje za Tangulia, Matuta ya Fuatia

Habari hii nilipewa na Mama Pacha mwenyewe, Jumapili iliyopita, alasiri. Alikuwa amenishikia uzi kwenye viganja, mimi nauzungusha kuwa donge. Mtu akishikishwa uzi hana pa kwenda, kwa hiyo alinisimulia yote. Nami nakupa kama nilivyopewa. Nimepunguza vicheko tu, maana yeye alicheka mpaka uzi ukamtoka.

Mama Pacha anapiga pasi kwenye duka la dobi. Mumewe ni mwoka mikate. Huondoka nyumbani alfajiri, hurudi mchana akiwa na unga mpaka kwenye nyusi. Wana mabinti wawili pacha, wa miezi minane. Aliyezaliwa kwanza wanamwita Tangulia. Aliyemfuata wanamwita Fuatia. Wamefanana kama sahani mbili za seti moja.

Asubuhi watoto hubaki na babu yao, baba wa mwoka mikate. Babu alikuwa mkulima. Mikono yake bado ina nguvu, ila macho yana ukungu. Ni mtoto wa jicho. Hospitali imeshampa tarehe ya kupasuliwa, lakini bado iko mbali. Kwa sasa huona mwanga na vivuli. Rangi zote kwake ni moshi.

Siku moja Mama Pacha alirudi kutoka kazini akamkuta Fuatia ametapika kifuani. Tumbo lilijaa kama ngoma. Tangulia naye alikuwa anatafuna ngumi yake.

"Baba, wamekula?"

"Wamekula, mwanangu! Kila mmoja bakuli zima. Wa kwanza alikula kwa furaha. Huyu wa pili nilimbembeleza sana, sijui ana nini."

Mama Pacha akamtazama Fuatia, akamtazama Tangulia. Akaelewa. Mabakuli yote mawili yalikuwa yameingia tumbo moja.

Siku hiyo hakuna aliyecheka. Mwoka mikate aliinamisha kichwa, akasema taratibu, "Baba, leo ni uji. Kesho ikiwa ni dawa ya homa? Mmoja anywe mara mbili, mwenzake asinywe kabisa? Wewe pumzika. Kuanzia Jumatatu tutatafuta msichana wa kukaa nao."

"Sawa," alisema Babu. Akavaa viatu, akaketi mlangoni. Hakuwa na safari yoyote.

Mama Pacha anasema ile "sawa" ilimuunguza kuliko pasi.

Jioni akamwambia mumewe, "Hawa watoto ndio asubuhi ya baba yako. Ukimnyang'anya, ataamka kwa ajili ya nini? Niachie mpaka Jumapili. Nitawatia alama."

"Alama gani? Tulimfunga Tangulia utepe, Fuatia akautafuna ukaisha."

"Nitafuma."

Akafuma kofia mbili. Moja ilikuwa na picha ya kifaranga wa kuku, nyingine ya kifaranga wa bata. Aliwawekea macho ya shanga. Pembeni akaongeza maua. Juu ya maua akaongeza majani. Mtu akianza kupamba, kuacha ni kazi.

Mwoka mikate alizigeuza mkononi. "Nzuri. Huyu ni kuku?"

"Huyo ni bata."

"Na huyu?"

"Huyo ndiye kuku."

"Mke wangu, mimi nina macho mazima mawili, na wamenishinda."

Babu akapapasa. "Hapa kuna shanga. Na hapa pamevimba. Huyu ndege anaumwa?"

"Hilo ni ua, Baba."

"Aa. Pole yake."

Mama Pacha akazichukua kofia zake, akavuka korido mpaka mlango wa pili. Hapo anakaa mama mmoja anayetengeneza sweta. Watu humwita Fundi Sufu.

"Hodi, jirani."

"Karibu. Mbona uso umekunjamana, na pasi unayo?"

Mama Pacha akaeleza. Fundi Sufu alisikiliza huku mkono ukitafuta mkasi. Kabla ya kusema lolote, alikata zile shanga zote.

"Mtoto wa miezi minane akiona shanga, haoni jicho la bata. Anaona chakula. Itamkaba koo." Akaigeuza kofia upande wa ndani. Nyuzi ndefu zilikuwa zinaning'inia. "Na hizi hunasa vidole, zikavifunga mpaka damu isipite. Vazi la mtoto mdogo lisiwe na shanga, wala kamba, wala uzi unaoning'inia. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Haya. Sasa niambie, alama hii ni ya nani?"

"Ya watoto."

"Watoto wanajijua! Ni ya nani?"

Mama Pacha akafikiri. "Ya Babu."

"Babu akimpakata mtoto, mkono wake unashika wapi?"

"Mguuni. Hapa, chini ya goti."

"Basi. Mkono uko mguuni, wewe umepamba kichwa! Tutafuma kitu kama mkono wa sweta, lakini cha mguu. Kisiwe na nyayo. Kianzie kifundoni, kiishie chini ya goti."

"Mikono ya miguu?"

"Iite utakavyo, mradi isimvuke mtoto mguuni. Na picha usiitie kwa rangi. Itie kwa nundu na mabonde, Babu aisome kwa vidole. Nenda ukusanye vitu vya kila siku, vya jikoni na vya nje. Mpe avishike. Atakachokijua haraka, hicho ndicho cha kufuma."

Mama Pacha akaweka vitu kwenye sinia. Aliweka jani la kabichi, ufagio mdogo, kifuniko cha sufuria, hindi kavu, na kipande cha bati kutoka banda la kuku. Kingo za bati alizizungushia kitambaa, zisimkate. Akalileta sinia mlangoni.

"Baba, nisaidie. Fumba macho ushike."

"Kufumba kwa nini? Yamejifumba yenyewe."

Alishika jani la kabichi, akasita. Kifuniko alikipapasa pande zote. Lakini alipogusa hindi, kidole kimoja tu, uso wote ulifunguka.

"Hindi hili! Na limekauka vizuri. Nani kakupa?"

Kisha akapitisha kiganja juu ya bati. "Matuta," akasema. "Matuta ya viazi. Nani kayalima yakanyooka hivi?"

"Ni bati, Baba."

"Lako ni bati. Langu ni matuta."

Mama Pacha akarudi mbio kwa jirani yake. "Tangulia apate punje, Fuatia apate matuta! Na juu kidogo niongeze jani..."

"Weka jani chini," alisema Fundi Sufu. "Kila mtoto jambo moja. Ukimwambia mtu mambo kumi kwa pamoja, atashika lipi?"

Wakachagua uzi laini wa pamba, maana sufu ngumu humuwasha mtoto. Wakapima miguu ya watoto kwa uzi. Fundi Sufu akasisitiza kidole cha mtu mzima kipite kwa urahisi kati ya vazi na ngozi, lisibane. Kisha wakafuma viraka viwili vidogo vya kujaribia.

"Tazama vitanzi vyako," alisema. "Kitanzi kimoja ni laini, kinachofuata kina nundu. Ukitaka matuta, ukirudi fuata njia ile ile. Penye laini fuma laini, penye nundu fuma nundu. Mistari itasimama kama shamba. Ukitaka punje, kuwa mbishi. Penye laini weka nundu, penye nundu weka laini."

"Ubishi ninao," alisema Mama Pacha.

"Najua. Nasikia kupitia ukutani."

Babu akapewa viraka. Akapapasa kimoja, akasema, "Punje, lakini ndogo mno. Mahindi ya njaa haya." Wakakifumua, wakafuma tena kwa uzi mnene. Akakishika, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Haya ndiyo mavuno."

Jumapili mikono ya miguu ilikuwa tayari, jozi mbili. Watoto wakavalishwa. Mwoka mikate alitaka kuhakikisha. Akamwambia Babu akae kitini, yeye akawapeleka watoto nyuma ya pazia. Akatoka na mmoja kimyakimya.

Babu akashika mguu. "Matuta. Fuatia, hujambo mchumba?"

Mwoka mikate akarudi nyuma ya pazia, akatoka na mtoto. Babu akashika mguu, akaupapasa juu mpaka chini. Mama Pacha, aliyekuwa kando, anasema alisahau kupumua.

"Wewe kijana," Babu alimwambia mwanawe, "unataka nimpe huyu bakuli la pili? Huyu ni Fuatia tena! Tangulia umemficha wapi?"

Vicheko vilifika mpaka korido. Fundi Sufu alifungua mlango kuuliza nani kaoa. Mwoka mikate akamletea Babu Tangulia, akawaweka wote wawili mapajani pake.

"Baba," alisema, "kesho nakuachia wanao."

"Wangu walikuwa tangu zamani," alijibu Babu. "Ila wakati wa kuoga, mvue mmoja, mvalishe, ndipo umvue mwenzake. Usije ukanichanganyia shamba."

Jumatatu Mama Pacha aliporudi alikuta mabakuli mawili matupu, na matumbo mawili yaliyojaa sawasawa. Mkeka ulikuwa umetandikwa kwenye kivuli cha ukuta. Mumewe alikuwa ameshalala na viatu vyake. Fuatia alikuwa amelala mdomo wazi. Tangulia alibishana na usingizi kidogo, ukamshinda. Mama Pacha akasema ananyoosha mgongo tu, na kabla hajamaliza kuunyoosha alikuwa anakoroma.

Babu alibaki macho, katikati ya wajukuu wake. Mkono mmoja ulikuwa juu ya punje, mwingine juu ya matuta. Upepo ukapita. Akapiga mwayo mrefu, akajisogeza asimwamshe mtu, naye akalala.