Nusu ya Mkate wa Msafiri

Kila alfajiri Stefania na Rozina walifagia uwanja wa nyumba yao ya Katandala, mjini Sumbawanga, kila mmoja akianzia pembe yake, wakakutana katikati wakicheka. Walilelewa kama mapacha, ingawa Rozina alikuwa binti wa marehemu baba mdogo. Lakini tangu Rozina amshinde kwa alama chache katika shindano la insha la mkoa, Stefania alifagia akiwa amempa mgongo. Rozina angepanda ndege kwenda fainali Dodoma. Yeye angebaki kupunga mkono. Moyo wake ulichacha kama togwa ya juzi.

Siku ya safari, ukungu mzito uliufunika uwanja wa ndege wa Sumbawanga. Ndege ilishindwa kutua. Kwa kuwa kuchelewa kulizidi, wasafiri waligawiwa chai na mikate. Stefania, aliyekuja kusindikiza tu, hakupewa.

“Haya, mwenye ndege,” alimchokoza Rozina, “mabawa yamelowa?”

“Yakikauka nitakubeba mgongoni,” Rozina alijibu akicheka. Kisha akaenda kunawa mikono, naye Mzee Fabiani, baba yake Stefania, akatoka nje kuutazama ukungu.

Ndipo alipokuja Dada Cornelia, mhudumu wa kaunta.

“Mdogo wangu, ndege yenu itaondoka mchana. Mwambie baba mje kaunta mthibitishe. Mkikawia, kiti atapewa mwingine anayesubiri.”

“Sawa, dada,” alisema Stefania. Lakini baba yake aliporejea pamoja na Rozina, ulimi ulimponyoka: “Wamesema ndege haiji. Turudi nyumbani.”

Mzee Fabiani alikuwa msafiri wa mabasi maisha yake yote. Basi likiharibika stendi, hubeba mzigo wake akaenda zake bila kumuuliza mtu. Basi akainua begi. “Mambo ya Mungu, mwanangu Rozina. Na basi halitakufikisha Dodoma kabla ya fainali kesho asubuhi.”

Ndani ya bajaji Rozina hakulia. Alifungua leso, akatoa nusu ya mkate.

“Chukua, dada. Nilikuwekea. Niliona hawakukupa.”

Stefania aliuma kidogo, mkate ukagoma kushuka. Machozi yakamtoka.

“Baba, simamisha bajaji! Ndege ipo. Nimedanganya. Nilitaka Rozina asiende.”

Mzee Fabiani akamgusa dereva begani. “Geuza, kijana. Upesi!”

Walimkuta Dada Cornelia ameshika kalamu, na mbele yake amesimama bwana mmoja mwenye koti, anayesubiri kiti.

“Shikamoo, dada,” alisema Stefania akihema. “Ulinituma ujumbe, sikuufikisha. Kosa ni langu, si la Rozina. Tafadhali usimnyime kiti.”

“Marahaba. Mmeponea chupuchupu,” alisema Cornelia, akaandika jina la Rozina. Kisha akamgeukia Mzee Fabiani. “Mzee, ndege ikichelewa msiondoke kimya kama wageni waliofukuzwa. Msafiri ana haki ya kuelezwa sababu na muda mpya, na kuhudumiwa akisubiri. Ikifutwa kabisa, hutafutiwa safari nyingine au kurudishiwa nauli. Ulizeni wenyewe kaunta.”

“Kumbe! Nami nikadhani ni kama basi la Kasanga,” alisema mzee, bwana mwenye koti akacheka.

Mchana ukungu ulipasuka. Rozina alimkumbatia Stefania kwa nguvu. “Nikirudi, tutafagia tukutane katikati,” alimnong’oneza, akaelekea kwenye ndege.

Stefania alipunga mkono mpaka ndege ikamezwa na mawingu.

“Mwanangu,” alisema Mzee Fabiani, “husuda hula mema kama moto ulavyo kuni kavu. Leo umeuwasha mwenyewe, ukauzima mwenyewe kwa kusema kweli, nami nakusifu kwa hilo la pili. Riziki ya ndugu yako haikupunguzii yako. Uliyetaka kumnyima kiti ndiye aliyekugawia mkate.”

Stefania aliufungua mkono. Kipande kilichosalia kilikuwa bado kiganjani. Akakila, na safari hii kikashuka.