Bubu wa Fundi Cherehani

Asubuhi nyumbani kwa fundi cherehani ilianza kwa kelele. Cherehani ililia, sufuria zikagongana, na mke wa fundi alivishinda vyote kwa maneno. Mtu mmoja tu alikuwa kimya. Huyo ni mwanamke aliyekaa mlangoni akishona vifungo vya mashati. Majirani walimwita Dada Bubu.

Lakini hakuwa bubu, alikuwa mkimbizi. Vita vilimtoa kwao, akavuka mpaka kwa miguu, akafika kwa fundi akiomba maji. Fundi alikuwa na roho nzuri, ila roho hiyo ilikaa nyumba moja na woga. Alimpa maji, akampa chumba, akampa na kazi ya vifungo. Kisha akaanza kuogopa.

"Lafudhi yako itatuponza," alimwambia. "Watakukamata wakurudishe, na mimi wanifunge. Kuanzia leo wewe ni dada yangu, tumbo moja. Na dada yangu hawezi kuwa na lafudhi hiyo, kwa hiyo wewe ni bubu."

"Mpaka lini, kaka?"

"Mpaka mambo yatulie."

Mambo hayakutulia. Dada Bubu aliumwa jino. Kwenye zahanati, fundi ndiye aliyemsemea. Dada alionyesha shavu la kushoto. Fundi, aliyekuwa amekaa mbele yake, akasema ni la kulia. Daktari aling'oa jino zima, akaliacha lile bovu. Maskini alilia machozi bila sauti, na mke wa fundi alimnunia mumewe siku nyingi.

Jumapili moja mzee wa kanisa alisimama kutoa matangazo. Kipaza sauti cha kanisa lao kilikuwa na tabia ya kumeza maneno.

"Jumapili ijayo tutatembelewa na mte... wa wakimbizi," alisema mzee. "Anazunguka makanisa yote ya hapa. Mwenye mkimbizi nyumbani asimfiche."

Fundi alihisi kola ya shati inamkaba, tena shati alilolishona mwenyewe.

"Umesikia?" alimnong'oneza mkewe njiani. "Anakuja mtesaji wa wakimbizi."

"Mtesaji gani anakaribishwa kanisani? Mimi nimesikia mtetezi."

"Masikio yako yana kasoro."

"Anayeshinda na cherehani sikioni ni nani, mume wangu?"

Walipofika nyumbani, fundi aliamuru Dada Bubu asiende kanisani Jumapili ijayo. Dada alifunga mlango kwanza, ndipo akajibu.

"Nimekimbia vya kutosha, kaka. Nitakwenda."

Jumapili ikafika. Fundi alimketisha Dada Bubu nyuma ya mama mnene wa kwaya, asionekane. Mgeni alikuwa mwanamke mfupi mwenye viatu vya vumbi. Alikuwa ametoka kuzungumza kanisa la jirani, na sauti ilishaanza kumkauka.

"Mimi ni mwanasheria," alisema. "Natetea haki za wakimbizi."

Mke wa fundi alimgonga mumewe kwa kiwiko mbavuni.

"Mkimbizi si mhalifu," mgeni aliendelea. "Ametoka nchi yake kwa sababu maisha yake yako hatarini. Labda ni vita, labda anateswa kwa ajili ya dini, kabila au mawazo yake. Ana haki ya kuomba hifadhi. Haifai kumrudisha kwa nguvu kwenye hatari aliyoikimbia."

"Na sisi tunaokaa nao tufanye nini?" aliuliza mzee wa kanisa.

"Msindikizeni mapema kwenye ofisi ya wakimbizi, aandikishwe. Asikubali kumpa mtu hongo. Na aseme kweli tupu: jina lake, kwao, na kilichomkimbiza. Uongo unaweza kumponza, hata kama umesemwa kwa huruma. Leo mnasema ni ndugu yenu. Kesho akijieleza, nani atamwamini?"

Fundi alijikuta amesimama. "Lakini mama, kumficha kidogo tu kuna ubaya gani?"

Kabla mgeni hajajibu, sauti ilitoka nyuma ya mama mnene.

"Jino."

Kanisa zima liligeuka. Dada Bubu alikuwa amesimama.

"Ubaya wake ni jino," alisema. "Jino langu zima liling'olewa, kwa sababu sikuruhusiwa kusema ni lipi linaloniuma."

"Bubu amesema," alipiga kelele bibi wa mstari wa mbele, na mkongojo ukamponyoka. Kwaya ikaanzisha pambio. Mchungaji akainua mikono juu. Mgeni alishangaa. Hakuna kanisa lililowahi kuipokea hotuba yake namna ile.

Fundi alitembea mpaka mbele.

"Nyamazeni, jamani," alisema. "Huu si muujiza, ni uongo wangu. Huyu si dada yangu, wala si bubu. Niliogopa watamrudisha akauawe."

Mgeni alimshika bega. "Woga huo nakutana nao kila kanisa. Kesho twende ofisini wote."

Kesho yake wakaenda. Ofisa alishika kalamu, akamtazama mwanamke.

"Unaitwa nani?"

"Huyu anaitwa..." fundi alianza, kwa mazoea.

Mwanamke alimwekea kidole mdomoni. "Kaka, leo bubu ni wewe."

Akajieleza mwenyewe. Alitaja jina lake, na nyumba yao iliyochomwa, na watu aliowazika. Fundi alisikia mambo ambayo hakuwahi kumuuliza. Aliona aibu, akalia.

Mwanamke alitoka na karatasi inayoonyesha kuwa ameomba hifadhi. Baadaye akapata kitambulisho. Alikwenda zahanati, akamwonyesha daktari jino bovu kwa kidole chake, na kwa tahadhari akalitaja pia kwa mdomo.

Bibi wa mstari wa mbele hajakubali kuwa haukuwa muujiza. Bado humletea Dada goti lake aliombee. Na nyumbani kwa fundi kelele zimezidi, maana mke wake amepata mwenzake wa kusema naye. Siku nyingine fundi huzidiwa, akasimamisha cherehani.

"Dada, pumzika hata kidogo."

"Nina maneno mengi ya akiba, kaka," humjibu, na kuendelea.